Nimesoma HGL, moyo wangu uko melini

Shikamoo Mama,

Mimi ni kijana wa miaka 22, mkazi wa Tanga. Naomba jina langu lisitajwe, maana mama yangu ni msomaji wa safu hii na jambo lenyewe ndilo linalotugombanisha nyumbani.

Nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), nikapata daraja la pili. Nimechaguliwa chuo kikuu kusomea ualimu wa Historia na Jiografia, na mkopo nimepata. Siku majina yalipotoka nyumbani walichinja kuku, majirani wakaja. Mimi nilikaa pale nikitabasamu tu, kwa sababu tangu nikiwa mdogo ninachokitaka ni kazi ya meli. Sisemi meli za jeshi, nasema hizi za mizigo zinazozunguka dunia.

Nikitoka shule nilikuwa napitia Raskazone kuziangalia. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali, mizigo ikashushwa kwa matishari. Sasa bandari yetu imechimbwa hadi kina cha mita 13 na meli zinafunga gatini zenyewe. Nikimwona baharia anashuka ngazi na ovaroli yake ya rangi ya chungwa, anaulizia wapi pa kununua laini ya simu, nasema moyoni laiti ningekuwa mimi.

Tatizo langu ni sayansi. Shuleni kwetu mwalimu wa Fizikia aliondoka tukiwa kidato cha pili na hakuletwa mwingine. Kidato cha tatu tukaambiwa asiyeitaka aiache, karibu darasa zima tukaiacha. Kidato cha nne nina D ya Hisabati, B ya Jiografia na B ya Kiingereza. Nilipouliza habari za kusomea ukadeti, yaani mafunzo ya kuwa ofisa wa meli, nikaambiwa wanataka mtu mwenye Fizikia na Hisabati. Nilirudi nyumbani nimevunjika moyo.

Ndipo mjomba akanikutanisha na jamaa mmoja wa Dar anayejiita wakala wa mabaharia. Anasema Fizikia ya nini, melini wanataka mikono. Kwa shilingi milioni 5 atanitolea kitabu cha ubaharia na vyeti vyote vya usalama bila mimi kukanyaga darasani, na ndani ya miezi miwili niko Dubai kwenye tagi, boti ya kuvuta meli, kama baharia wa sitaha, mshahara dola 700. Amenionyesha picha za vijana aliowapeleka. Mjomba yuko tayari kuuza shamba la minazi lililoko Pangani. Anasema baharia mmoja anatosha kuiinua familia nzima.

Mama hataki hata kusikia. Kaka yake mkubwa alizamia meli miaka ya tisini. Alipiga simu kutoka Durban mara chache, kisha kimya mpaka leo. Bibi amefariki akiulizia kama kuna habari yoyote. Nikitaja meli mama anaanza kulia, anasema ualimu una mshahara na pensheni, na kwamba nikienda huko nisimwite mama tena.

Usajili wa chuo ni mwezi ujao. Wakala naye anataka nusu ya fedha kabla mwezi huu haujaisha, anadai zimebaki nafasi mbili tu. Je, mtu ambaye hakusoma sayansi anaweza kweli kuwa baharia, au najidanganya? Nikienda ualimu sitakuja kujuta? Na nikiziacha fedha za mjomba, nafasi nyingine nitaipata wapi? Nisaidie Mama, usiku sipati usingizi.

Baharia mtarajiwa, Tanga

MAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa kukosa usingizi.

Kabla ya meli, niseme kidogo juu ya Fizikia. Mwalimu aliondoka, hakuletwa mwingine, mkaambiwa asiyeitaka aiache. Mtoto wa kidato cha tatu angefanya nini? Lakini naona tangu hapo umejiweka kwenye fungu la watu "wasio wa sayansi", kana kwamba umeijaribu ikakushinda. Hujaijaribu. Hukufundishwa. Naomba uyatenganishe hayo mawili, maana uamuzi wako kwa sehemu kubwa unategemea jibu la swali ambalo bado hujajiuliza: ukikaa mbele ya mwalimu mzuri wa Fizikia kwa miezi kadhaa, somo hilo litakuchosha au litakuvutia?

Nikikusikia vizuri, unaitaka bahari, unaogopa kwamba masomo yako yamekufungia mlango, na kwa kuwa unaogopa hivyo, mtu anayekuambia masomo si kitu amekuwa mtamu masikioni kuliko wote. Pembeni yuko mama mwenye kidonda cha zamani. Na tarehe mbili zinakukimbiza, ambazo hazina uzito sawa.

Tuanze na neno lenyewe. Unaposema unataka kuwa baharia, unataka kuwa nani? Meli ya mizigo ina idara kama tatu. Wapo wa sitaha, wanaoiongoza meli na kuangalia mizigo na kamba. Wapo wa injini. Na wapo wa jikoni na huduma. Katika sitaha na injini kuna maofisa, na kuna mabaharia wa chini yao. Yule uliyemwona akishuka ngazi Tanga na ovaroli yake, huwezi kujua alikuwa ofisa, fundi au msaidizi wa mpishi. Na kila mmoja aliingia kwa mlango wake.

Mkataba wa kimataifa unaosimamia mafunzo na vyeti vya mabaharia, STCW wa mwaka 1978 pamoja na marekebisho yake, hautaji mchepuo wa shule. Unataja umri, afya, mafunzo, muda uliokaa baharini na ujuzi uliothibitishwa. Masharti ya Fizikia na Hisabati huwekwa na vyuo na nchi, na hawayaweki kwa ubaguzi. Ofisa wa sitaha anapiga hesabu za njia, za maji kupwa na kujaa, na za uthabiti wa meli: tani ngapi zikae shimo lipi, zikipakiwa juu mno meli italala upande gani na itarudi au haitarudi. Hiyo ni Fizikia yenyewe, na watu wamekufa kwa kukosewa kwake. Wa injini ndiyo kabisa, mvuke, umeme na dizeli kutwa kucha.

Kwa hiyo kama unachokiona ukifumba macho ni kusimama kwenye daraja la meli, pale inapoongozewa, ukiwa ofisa, Fizikia hutaikwepa, utaiahirisha tu. Ila hujafungiwa. Unaweza kurisiti kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, ukafanya Fizikia na kuipandisha Hisabati yako. Tafuta kituo chenye mwalimu na maabara, usijifungie chumbani na vitabu peke yako. Halafu uchukue mwongozo wa udahili wa mwaka husika, usome kwa macho yako masharti ya Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI, ngazi kwa ngazi, kuanzia astashahada. Usitegemee jibu la mtu mmoja wa dirishani. Gharama ya njia hii ni muda na ada, na hatari yake ni kwamba mkopo wa ualimu unaweza usikusubiri. Hapo uliza mapema, chuoni na Bodi ya Mikopo, kama kuahirisha kunaruhusiwa kwa mtu wa hali yako. Jibu lao ulipate kwa maandishi.

Mlango wa pili ni wa baharia wa sitaha asiye ofisa. Huu mara nyingi hauulizi mchepuo. Unauliza afya, mafunzo ya msingi ya usalama na mikono isiyochagua kazi. Sijui kama umewahi kusimuliwa siku ya kazi ile inakwendaje. Ni kugonga kutu kwa nyundo juani, kuikwangua, kupaka rangi, na bahari inairudisha kutu ileile. Ni kufunga meli gatini kwa kamba nene, ambazo zikikatika zikiwa zimevutwa huua mtu aliyesimama mahali pabaya. Ni kusimama zamu ya saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri ukiangalia giza, kazi yako kumwambia ofisa umeona taa gani na iko upande gani. Wapo wanaoipenda kazi hiyo na wameizeekea kwa heshima. Ukikusanya miezi 18 ya kazi hiyo, au 12 kama umepitia mafunzo yaliyoidhinishwa, unaweza kupata cheti cha baharia mwenye ujuzi, anayeitwa AB. Na mkataba unaruhusu mtu kupanda hadi ofisa akiwa na muda wa baharini usiopungua miezi 36, pamoja na mafunzo na mtihani. Hisabati utaikuta ikikungoja pale, lakini utakuwa mtu mzima anayejua inatumika wapi.

Jikoni usikudharau. Mkataba wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006, MLC, unataka meli yenye mabaharia 10 au zaidi iwe na mpishi aliyefuzu kweli. Kijana aliyesomea upishi VETA au chuo cha utalii, akaongeza mafunzo ya usalama, hulingani naye wewe wa HGL hata kidogo. Mdogo wangu wa kiume alifanya kazi ya jikoni melini, na alikuwa akisema wali ukiungua safarini, meli nzima inanuna mpaka kesho yake. Lakini ujue muda wa jikoni hauhesabiwi kwenye cheti cha sitaha. Anayeingia kwa mlango huo akidhani atahamia darajani baadaye ataanza upya.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naona limekupita, nalo ndilo kubwa. Wewe unadhani kilichokuzuia ni Fizikia. Mwanangu, wapo vijana waliosoma PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), wakamaliza chuo cha bahari, wamekaa na vyeti vyao wakitafuta meli ya kuwapa muda wa baharini, kwa sababu bila muda huo cheti cha uofisa hakikamiliki. Nchi yetu haina meli nyingi za kimataifa za kuwapokea. Kilicho haba ni nafasi melini. Kwa hiyo chuo chochote utakachokiendea, baada ya masharti ya kuingia uliza hili na usione haya kulirudia: makadeti wenu wa mwaka uliopita wangapi wamepata meli, kwa kampuni gani, na nani aliwatafutia? Uliza pia TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini, kama muda wa kufanya kazi kwenye boti za Zanzibar, tagi za bandarini au meli za maziwa unahesabiwa kwa cheti unachokilenga, na kwa kiasi gani.

Na kwa kuwa nafasi ndiyo haba, ndiyo inayouzwa na watu kama huyo wa Dar. Simjui, simhukumu. Nakupa vya kupimia.

Huo mkataba wa MLC, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2019, unakataza mtafuta kazi ya ubaharia kutozwa fedha ili apatiwe kazi. Unachoweza kulipia ni cheti cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Hata viza ni ya mwenye meli. Mafunzo yako unajilipia, ndiyo, lakini unalipa chuo na unasoma. Milioni 5 za kutafutiwa nafasi zinaingia kwenye fungu gani hapo? Muulize, umsikilize anavyojibu.

Mshahara nao. Kwa mwaka 2025, kima cha chini cha mshahara wa msingi wa AB kinachokubaliwa kupitia Shirika la Kazi Duniani kilikuwa dola 673 kwa mwezi. Ndiyo maana dola 700 zinasikika za kweli. Ila hiyo ni ya mtu mwenye cheti na uzoefu, na wewe hujafunga hata kamba moja. Kwa nini mgeni aanzie juu ya hapo?

Kinachonitia hofu zaidi ni vyeti bila darasa. Katika mafunzo yale mtu anaingizwa kwenye chumba cha moshi akiwa na mtungi wa hewa, anaruka majini na jaketi la kuokolea, anajifunza kupindua chelezo kilichogeuka juu chini na kupanda ndani yake. Cheti cha kununua kitakupitisha kwa karani. Moto ukiwaka injini saa nane usiku, wenzako watakutegemea wewe ushike mpira wa maji. Na mkaguzi wa bandari ya kigeni akigundua cheti ni cha bandia, wakala hatakuwepo. Jina lililoandikwa juu yake ni lako.

Kuna na hali ya kutelekezwa. Meli ya mafuta iitwayo Iba ilitelekezwa nje ya pwani ya Falme za Kiarabu mwaka 2017, mabaharia wakabaki ndani bila mshahara, na walikuwa bado wamo Januari 2021 iliposukumwa na mawimbi hadi ufukweni Umm Al Quwain. Kushuka na kuondoka hawakuweza, na walihofia kwamba wakiondoka wangepoteza madai yao. Siku hizi sheria inamtaka mwenye meli awe na bima ya kuwarudisha mabaharia na kulipa hadi miezi minne ya mishahara, na hati yake ibandikwe melini. Kwa hiyo kabla ya shilingi yoyote, mwambie wakala akupe jina la meli na namba yake ya IMO, yaani namba ya kimataifa ya kuitambulisha meli, ambayo ina tarakimu saba, na rasimu ya mkataba wa ajira yenye jina la mwajiri. Ukiwa na namba hiyo unaweza kuitafuta meli bure kwenye tovuti ya Equasis, uone mmiliki wake na ukaguzi uliofanyika. Nenda TASAC ukaulize kama wakala huyo ana leseni. Akiwa mtu wa kweli, maswali haya hayatamkera. Akisema nafasi itapotea ukichelewa, basi ujue anataka uamue kabla hujauliza.

Na mjomba usimwone mjinga. Anakupenda, anataka kutoa alichonacho. Lakini shamba la Pangani ni la nani hasa? Ni lake peke yake, au ni la ukoo na mama yako ana haki ndani yake? Minazi ile ikishauzwa, kijana akarudi kutoka Dubai mikono mitupu, ugomvi utakaozuka hautakuwa wa meli tena.

Mama yako nataka umsikilize tofauti. Wewe ukisema ubaharia, yeye anasikia kuzamia. Mtu pekee wa damu yake aliyekwenda na meli alikwenda kwa kujificha, bila kitabu, bila mkataba, bila jina kwenye orodha ya mabaharia, na hakuna ofisi duniani ambayo mama angeweza kwenda kuuliza, "Kaka yangu yuko wapi?" Baharia halali ana mwajiri anayejulikana, ana jamaa aliyeandikwa wa kupewa taarifa, ana tarehe ya kurudi. Je, umewahi kumweleza hivyo, au mmekuwa mkibishana ualimu na meli tu? Na uone jambo moja: njia anayokuuzia wakala, ya karatasi zisizo za kweli, ndiyo inayofanana zaidi na ile iliyomchukua mjomba wako mkubwa. Hofu ya mama hapo haijakosea.

Nawe dada yangu, kama unasoma na umemtambua mwanao, pole sana kwa kaka. Mtoto wako hakukuandika vibaya. Amekwama kati ya anachokipenda na machozi yako. Ukiweza kukaa naye muulizane maswali haya pamoja, atakuja kukusikiliza hata kwenye lile ambalo hamkubaliani.

Ualimu umeutaja kama adhabu, mwanangu. Sitakulazimisha uupende. Ila Jiografia yako, latitudo na ramani, pepo za kaskazi na kusi, na Kiingereza ambacho ndicho lugha ya kazi ya meli nyingi, umeshavibeba. Havipotei ukisoma digrii, wala havipotei ukirisiti. Wapo pia wanaofanya kazi na meli bila kulala ndani yake, kwenye uwakala wa meli, usafirishaji na forodha, na DMI kwenyewe kuna kozi za upande huo. Labda kwako hiyo ni nusu ya ndoto, na nusu haikutoshi. Wewe ndiye unayejua kama unachokitaka ni meli yenyewe, au ni kuondoka Tanga. Jiulize kwa ukweli, kwa sababu melini unaweza kukaa miezi tisa na bandari ukaziona kwa saa chache tu usiku.

Hatua moja ni ya bei ndogo na inakuja kabla ya zote. Kapime macho, hasa uwezo wa kutofautisha rangi, kwa daktari anayetambuliwa na mamlaka ya bahari. Meli huonyesha taa nyekundu kushoto na ya kijani kulia, na asiyezitofautisha hapewi zamu ya ulinzi darajani hata awe na A za Fizikia. Wapo wanaume wanaoishi na hali hiyo miaka mingi bila kujua. Usiache chuo, wala mjomba asiuze mnazi hata mmoja, kabla hujalijua hilo.

Tarehe ya chuo ni ya kweli, ina matokeo, na una wiki chache za kuuliza maswali yako chuoni, Bodi ya Mikopo, DMI na TASAC. Ile ya wakala kaiweka yeye. Niandikie ukishapima macho, na uniambie mama amesema nini.